Mti Hula Nini?

Katika mashamba ya Mugoma, wilaya ya Ngara, mgomba huanza kuwa chipukizi jembamba, na mwishowe huzaa mkungu mzito utakao mtu mwenye nguvu kuuchukua. Je, uzito huo umetoka wapi? Watu wa zamani walisema kwamba mti hula udongo. Neno hilo laonekana kuwa kweli. Lakini ajuaye hesabu hulijaribu kwanza kwa mizani.

Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji, alifanya hivyo. Alitia chunguni ratli 200 za udongo uliokaushwa tanuuni, akapanda mche wa mwerebi wenye uzito wa ratli 5. Akakifunika chungu ili vumbi lisiingie, akaunywesha mti maji tu. Baada ya miaka 5 akaung'oa na kuupima: ratli 169 na zaidi kidogo. Kisha akaukausha udongo tena, akaona umepungua wakia 2 tu.

Haya, tuhesabu. 169 – 5 = 164. Ratli moja ni wakia 16; basi 164 × 16 = 2,624. Katika wakia hizo zote, udongo ulitoa 2, yaani sehemu 1 katika 1,312.

Helmont alisema kwamba mti wote umetokana na maji. Habari zake zilipigwa chapa mwaka 1648, naye amekwisha kufa. Udongo aliupima, bali hewa hakuipima. Mwaka 1804 Nicolas-Théodore de Saussure wa Geneva aliotesha mimea katika vyombo vilivyofungwa, akaipima hewa iliyomo. Akaonyesha kwamba mmea huujenga mwili wake kwa maji na kwa hewa ya ukaa. Kazi hiyo majani huifanya kwa nguvu ya mwanga wa jua.

Je, udongo si kitu? Sivyo. Choma rundo la majani makavu ya mgomba: hubaki majivu kidogo. Majivu hayo ni madini yaliyotoka udongoni, na pasipo hayo mgomba hauzai. Mkungu ukiuzwa sokoni, maji hurudi kwa mvua, na hewa huletwa na upepo. Lakini madini yamekwenda pamoja na mkungu. Ndiyo sababu mkulima mwenye akili hutia samadi, na kutandaza nyasi na majani chini ya migomba. Asiyerudisha kile kidogo, ataona mikungu yake ikipungua mwaka kwa mwaka.

MASWALI
1. Kwa nini Helmont aliukausha udongo kabla ya kuupima?
2. Mti wake uliongezeka ratli ngapi kwa mwaka, ukigawanya sawasawa?
3. Mtu auzaye mikungu yote bila kutia samadi, shamba lake hupungukiwa na nini?