SOMO LA WIKI: Akaunti ya Muuzaji Ikibadilika, Piga Simu Kabla ya Kulipa

Wiki hii tunazungumza na wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa nje na kupokea ankara kwa barua pepe. Njia hiyo ni ya haraka na nafuu, lakini ndiyo pia inayotumiwa na matapeli kumaliza mitaji ya watu.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa Kariakoo ameagiza kontena la vigae kutoka Guangzhou kwa dola 20,000. Ametanguliza asilimia 30, yaani dola 6,000. Salio la dola 14,000 atalipa kabla mzigo haujapakiwa melini. Siku mbili kabla ya malipo inaingia barua ikisema akaunti ya zamani inakaguliwa, hivyo alipe kwenye akaunti mpya. Nembo ni ile ile na kiasi ni kile kile. Analipa. Wiki inayofuata muuzaji halisi anaulizia salio lake.

Iwapo faida yake kwa kontena ni dola 2,000, itambidi auze makontena saba ili kurudisha fedha hizo tu.

Tapeli amejuaje yote hayo? Mara nyingi amepata neno la siri la mmoja wao, muuzaji au mnunuzi, kwa kumtumia kiungo cha uongo. Baada ya hapo husoma barua kimya kimya, akisubiri siku ya malipo. Kisha huandika kwa anwani inayofanana na ile halali: herufi moja imeongezwa, au "r" na "n" zimewekwa pamoja zionekane kama "m".

Wakubwa nao wameliwa. Kati ya 2013 na 2015 Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania, alitumia ankara za uongo kuzitoa kampuni za Google na Facebook zaidi ya dola milioni 120. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani ilimhukumu kifungo cha miaka mitano.

Mfanyabiashara mdogo afanye yafuatayo:

1. Akiambiwa akaunti imebadilika, ampigie muuzaji kwa namba aliyokuwa nayo tangu mwanzo. Asitumie namba iliyoandikwa kwenye barua hiyo wala asiulize kwa kuijibu.

2. Asome anwani ya mtumaji herufi kwa herufi. Aidha, aangalie jina la mwenye akaunti na nchi ya benki. Kampuni ya China inayodai ilipwe kwa jina la mtu binafsi katika nchi nyingine ni ya kutiliwa shaka.

3. Awashe uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe yake, na akague kama kuna agizo la kupeleka nakala za barua zake kwa anwani asiyoijua.

4. Neno la siri la barua pepe lisitumike penginepo, wala lisigawiwe kwa wahudumu wote wa duka.

5. Kwenye ankara zake mwenyewe aandike: "Hatubadilishi akaunti kwa barua pepe."

Iwapo fedha zimekwishatumwa, aende benki yake saa hiyo hiyo kuomba zizuiwe, kisha aripoti polisi. Tapeli hazilazi fedha. Zikishatolewa upande wa pili, kuzirudisha ni vigumu sana.

Simu ya dakika tano hugharimu kidogo mno ukilinganisha na dola 14,000.