"Mama, Mimi Mnafiki?"

Shangazi, mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kilwa Kivinje. Wa katikati ana miaka 10, yuko darasa la nne, na jioni anakwenda chuo cha Kurani. Ana mwenzake, mtoto wa jirani, wamekua pamoja. Ukimwona mmoja wa pili hayuko mbali. Bamvua lililopita walikacha chuo wakashuka kwenye mikoko kutafuta kaa, na wote wawili wamekatazwa kwenda huko. Mwenzake akakanyaga taa, mwiba ukamchoma karibu na kifundo cha mguu. Akamwapisha mwanangu asimwambie mtu. Siku nane mtoto wa watu anachechemea, kwao anasema kajikwaa. Siku ya tisa homa ikapanda, mguu umevimba. Usiku ule mwanangu alilia mpaka akanieleza. Tukambeba mwenzake hadi Hospitali ya Kinyonga, akatibiwa, sasa hajambo.

Nilimchapa mwanangu, Shangazi. Nilimchapa kwa kwenda pwani, nikamchapa tena kwa kunyamaza. Sasa mwenzake hamsemeshi, anasema "umenisemea". Watoto wa chuo wanamwita mnafiki kwa sababu alilamba kidole akaapa, kisha akavunja. Baba yangu, tunayeishi naye, akaongeza lake: watu wa Kilwa tangu zamani wanajua kushika siri. Juzi mtoto akaniuliza, "Mama, mimi mnafiki?" Sikuwa na jibu. Tangu hapo haniambii kitu. Akirudi shati limechanika, nikimuuliza, jibu ni "hamna". Nifanyeje?

Mama wa Watatu, Kilwa Kivinje

Mwanangu,

Tuanze na mjukuu wangu, maana swali lake ni zito kuliko lako na limekaa siku nyingi bila jibu. Mwambie hapana. Mwambie leo kabla hajalala, umeketi ukingoni mwa kitanda chake, wale wengine hawapo. Usiseme "wewe siyo mnafiki, lala." Mweleze kwa nini, kwa sababu huyo ni mtoto wa chuo na anazijua alama tatu za mnafiki kama anavyojijua jina: uongo, ahadi isiyotimizwa, na hiana kwenye amana. Amejipima akaona mbili zimemkaa. Aliahidi akavunja, aliaminiwa akatoa. Mtoto wa miaka 10 akipiga hesabu hiyo peke yake gizani, jibu atakalopata litamtisha, na watoto wenzake wamekwisha kumsaidia kulipata.

Umuulize hivi. Jirani akileta sanduku lake uliweke, akakuapisha usilifungue, halafu usiku ukaona moshi unatoka ndani, utafanyaje? Utakaa unalitazama mpaka liungue kwa sababu uliapa? Atacheka. Atakwambia utalifungua, utamwaga maji, utaita watu. Basi umwambie kwamba mguu wa mwenzake ndio sanduku, na ile homa ndiyo moshi. Anayelinda amana huilinda isiharibike. Mjukuu wangu alichelewa kuita watu, hilo kweli, lakini aliita. Kama kuna mwalimu wa chuo mnayesikilizana naye, nenda kamweleze kisa chote na umwombe awaulize watoto darasani swali hilohilo la sanduku. Neno "mnafiki" limetoka pale chuoni, na ni vizuri lirudishwe palepale.

Sasa ni zamu yako, na utanisamehe.

Zile fimbo za kwanza, za kwenda pwani, sitaki ugomvi nawe leo. Ila zile za pili zilimfundisha kitu ambacho hukukusudia. Hebu rudi usiku ule uutazame kwa macho yake. Siku nane amenyamaza, hakuna aliyemgusa. Siku ya tisa kasema, kachapwa. Wewe ulijua unamwadhibu kwa siku nane. Ngozi yake iliandika siku ya tisa. Halafu unashangaa kwamba shati likichanika jibu ni "hamna"?

Watafiti wawili, Victoria Talwar na Kang Lee, walichapisha mwaka 2011 matokeo ya jaribio walilofanya katika shule mbili za nchi moja ya Afrika Magharibi, kwa watoto wa miaka mitatu na minne. Shule moja ilikuwa ya fimbo na makofi, nyingine ilikuwa ya kukemea na kumtenga mtoto kwa muda. Mtoto aliachwa chumbani na kitu cha kuchezea kilichokuwa nyuma yake, akaambiwa asigeuke. Wengi waligeuka, kama ambavyo wewe na mimi tungegeuka. Walipoulizwa baadaye, waliogeuka katika shule ya fimbo karibu wote walikana, na walipobanwa kwa maswali zaidi walijua kuushikilia uongo wao kuliko wenzao wa shule ya pili. Fimbo iliwafanya wawe mafundi wa kuficha. Mimi sikuhitaji kusoma utafiti. Nililelewa kwa ufito wa mpera, na hadi leo naweza kukuficha jambo usoni pangu na usitambue.

Kwa hiyo mwombe radhi. Najua kwetu mzazi kumwomba mtoto radhi ni kama kuvua kilemba sokoni. Mwombe hata hivyo, kwa neno moja lililo wazi: "Nilikosea kukuchapa baada ya kuniambia." Usiweke "lakini" mbele yake.

Nimfikie baba yako, ambaye kwa hesabu ya safu hii ni kaka yangu, kwa hiyo naruhusiwa kubishana naye. Kaka, umesema kweli. Nyuma ya mji wenu, kule Umatumbi, kati ya mwaka 1904 na 1905, habari za maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe zilipita kwa mnong'ono, mtu hadi mtu, na mnong'ono wenyewe ukapewa jina, njwiywila. Vita vya Maji Maji vikalipuka Julai 1905 kwa kung'olewa pamba Nandete. Kinjikitile akanyongwa Mohoro mapema Agosti. Siri ile iliwagharimu watu roho zao, na watu wa pwani hiyo wana haki ya kujivunia.

Ila mmalizie mjukuu hadithi yenyewe. Ilifichwa kwa nani? Kwa Mjerumani na watu wake. Haikufichwa kwa mama wa mtu. Ilipita nyumba kwa nyumba, na kila iliyemhusu ililetwa masikioni mwake, ndiyo kazi ya njwiywila. Na walioibeba walikuwa watu wazima waliojua wanabeba nini. Ule mwiba ulifichwa kwa nani? Kwa mama mzazi na kwa daktari, yaani watu wenyewe ambao wangemponya. Ukitaka kumfundisha mtoto siri kwa mfano wa wazee, Kaka, mfundishe swali hilo: hii siri tunamficha nani, na huyo tunayemficha ni adui au ni mtu wetu?

Mwanangu, nakurudia wewe. Kuna jambo linanisumbua katika lugha yetu ya watoto. Wana neno moja tu, kusemea. Anayekwenda kwa mwalimu kusema mwenzake kala embe darasani amesemea, na anayekwenda kusema mwenzake anaumwa naye amesemea. Mambo mawili yenye jina moja, na la pili siyo kosa. Kaa na mwanao mtofautishe. Ukisema ili mwenzako achapwe, hapo umesemea, acha. Ukisema ili mwenzako asaidiwe, basi umemsaidia, hata akikununia. Mtoto wa darasa la nne anaielewa tofauti hiyo upesi kuliko tunavyodhani, mradi umpe mifano ya mtaani kwake na umwache ajibu yeye.

Nami ningempa mifano migumu, isiyoelekea upande mmoja. Mwenzako akilala kwenu akakojoa kitandani, je, utasema shuleni? Hapo jibu ni kunyamaza, leo na hata akiwa na wajukuu, na akinyamaza umsifu kwa sauti. Umepewa siri ya kanzu ya mdogo wako mpaka asubuhi ya Idi, utamwambia? Hiyo ina siku yake ya kutoka, na ikitoka kila mtu anafurahi. Rafiki kakwambia baba yake kafukuzwa kazi? Hilo ni la kwao, waliseme wenyewe. Rafiki anakwenda peke yake kuogelea maji yakijaa? Mwache afikirie. Usimkimbilie na jibu. Ukimfundisha kwamba mkweli ni yule anayeeleza kila kitu kwa kila mtu, utakuwa umemlea mmbea, na mji mdogo kama wenu hauna upungufu wa wambea.

Kisha kuna siri moja ambayo haina mjadala. Mtu mzima, awe nani, akimwambia mtoto "hii ni yetu mimi na wewe, usimwambie mama", ahadi hiyo haipo. Hata kama mtoto alilamba kidole, akagusa chini, akaonyesha mbinguni. Mwambie hivyohivyo, kwa maneno hayo. Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana watatu kati ya kila kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wengi wao walikaa kimya. Nina hakika wengi wa waliokaa kimya walikuwa watoto waaminifu, wanaoshika ahadi, kama mwanao. Wabaya hutafuta watoto wa namna hiyo. Ndiyo maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwananchi yeyote anayejua mtoto anadhulumiwa atoe taarifa kwa serikali ya eneo lake, na ndiyo maana kuna namba 116, ambayo mtoto mwenyewe anaweza kupiga bila kulipa. Mfundishe namba hiyo kama ulivyomfundisha jina la mtaa wenu. Polisi nao wana Dawati la Jinsia na Watoto.

Kuhusu urafiki wao, usiwalazimishe kupeana mikono uani huku kinamama mmesimama mnatazama. Mtoto wa jirani ana aibu. Yeye ndiye aliyeapisha, yeye ndiye aliyedanganya kwao siku nane, na kumlaumu mwanao ni rahisi kuliko kujilaumu. Nenda wewe kwa mama yake, na uulize kwa upole kama naye alimchapa mgonjwa wake. Kama alimchapa, mpe gazeti hili. Wahenga walisema msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Hawakusema wanakaa huko walikokimbilia muda gani. Mpira wa makaratasi ukipita mlangoni, watoto hawa wataufuata wote wawili.

Wakishapatana, mpe mwanao sentensi ya kutumia siku nyingine kabla ya kulamba kidole: "Sitasema, ila ukiumia nitasema." Aitoe mwanzoni, ili asiyeitaka asimpe siri yake. Na ikifika siku ya kusema, amwambie mwenzake kwanza: "Twende wote tukaseme, nitakuwa na wewe." Hilo la kwenda wote ndilo lililokosekana safari hii. Mtoto wa watu alisikia siri yake imefika kwa watu wazima akiwa kitandani ana homa.

Nina swali la mwisho, na sitaki unijibu kwa barua. Mwenye fedha za kikoba akibisha hodi na marejesho hayajatimia, nani hutumwa mlangoni kusema mama hayupo? Ukinunua kitenge kipya, nani huambiwa asimwambie baba bei yake? Sikujui, huenda kwako hayapo. Nyumba ninazozijua mimi yapo, na anayetumwa huwa mtoto wa katikati, kwa sababu mkubwa amekwisha kuwa mjanja na mdogo hajui kudanganya. Mtoto huyo hawezi kupokea somo la ukweli kutoka kwako kabla hujaacha kumtuma mlangoni.

Basi leo usiku uombe radhi, umweleze habari ya sanduku, umsikilize. Akisema "hamna", usimbane, rudi kesho. Na ukienda kwa jirani, ulizia ule mguu: kama mtoto amemaliza vidonge vyote alivyopewa, na kama alichomwa sindano ya pepopunda.