SOMO LA UFUGAJI: KUNDI LA MBUZI WA MAZIWA HUJENGWA KWA MITAMBA

Makatibu wanaombwa kulisoma somo hili mbele ya wanachama, kisha lijadiliwe.

Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, yajulikana kwa pamba. Lakini fedha ya pamba huja kwa msimu, na mtoto huhitaji maziwa kila siku. Mbuzi wa maziwa hula kidogo kuliko ng'ombe na hutunzwa bandani karibu na nyumba. Mfano upo nchini: huko Mgeta, katika milima ya Uluguru, wakulima walianza kufuga mbuzi wenye asili ya Norway katika miaka ya 1980, wakisaidiwa na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

1. Kuanza. Majike wawili wa kienyeji wenye afya watosha. Wakipandwa na beberu wa maziwa, watoto wao huwa na nusu ya damu yake. Mitamba hao wakipandwa na beberu mwingine wa maziwa, asiye baba yao, wajukuu hufikia robo tatu. Beberu wa kienyeji akiwatangulia, kazi hurudi nyuma. Kwa hiyo madume wa kienyeji wahasiwe mapema.

2. Beberu. Mmoja aweza kuwahudumia majike zaidi ya 20. Si lazima kila mwanachama awe na wake. Chama kimnunue mmoja, na kabla binti zake hawajakomaa, kibadilishane na chama jirani.

3. Hesabu. Majike wawili wakizaa mtoto mmoja mmoja kwa mwaka, kwa wastani mtamba ni mmoja tu. Anayemuuza kila mwaka ili kulipa deni hatakuwa na kundi, bali vikongwe wawili. Wa kuuzwa ni madume.

4. Chakula. Wasukuma wana desturi ya ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yafae kiangazi. Mkulima wa mbuzi atenge yake, hata ikiwa ndogo, na apande lusina mipakani. Mashudu ya pamba yafaa kwa kiasi kwa mbuzi anayekamuliwa. Watoto wasipewe, kwani mbegu ya pamba ina sumu inayowadhuru. Mtoto anyonye dang'a katika saa za kwanza baada ya kuzaliwa.

5. Daftari. Katibu aandike namba ya kila mbuzi, mama, baba, na tarehe ya kupandwa. Mimba huchukua siku 150 hivi. Jike aachwe kukamuliwa miezi miwili kabla ya kuzaa. Ziandikwe pia tarehe za chanjo ya sotoka ya mbuzi na ya homa ya mapafu, kwa ushauri wa bwana mifugo. Pasipo daftari, baba atampanda binti yake bila mtu kujua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, chama kina majike wangapi, na nani atamtunza beberu?
2. Mwanachama mwenye deni asaidiweje ili asiuze mtamba?
3. Kila jamaa itafunga ngitili yake wapi kabla ya mvua?