Mtoto Anayekohoa Bila Kikohozi



Mwaka juzi, wakati wa likizo, tulitumwa kusaidia katika parokia moja ya kijijini, na Paroko akatukabidhi watoto wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Walikuwa wengi na darasa lilikuwa chini ya mwembe. Kati yao alikuwepo mvulana wa miaka tisa aliyekuwa akijikohoza. Hakuwa na mafua wala kifua. Kila baada ya muda mfupi koo lake lilitoa mlio, na mara nyingine bega la kulia lilipanda juu ghafla na kushuka. Wenzake wakacheka. Tulimwonya mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali, na mara ya tatu tukamwambia akasimame mbali na wenzake hadi kipindi kiishe. Tuliamini tumelinda nidhamu ya darasa.

Jioni mama yake alikuja kwenye nyumba ya mapadre. Baada ya salamu alisema, "Frateri, mwanangu hataki tena mafundisho. Shuleni anachapwa kwa jambo hilo, nyumbani baba yake anamchapa kwa jambo hilo. Nilidhani kwenu angepumzika."

Hatukuwa na jibu. Tulipomwita mtoto mwenyewe na kumwuliza taratibu kwa nini hajizuii, aligusa koo lake akasema, "Nikizuia inanisumbua hapa, Frateri. Inakuja tu." Maneno hayo ndiyo yaliyotupeleka kusoma, na makala haya ni matunda ya kusoma huko na ya kuzungumza na daktari aliyetusaidia kuelewa.

Kitu kinachoitwa tiki

Madaktari huita hali hii tiki. Ni mwendo wa mwili unaokuja ghafla na haraka, ukajirudia tena na tena bila mpangilio maalumu, au sauti inayotoka kwa namna hiyo hiyo. Mtoto hupepesa macho kwa nguvu, hukunja pua, hutikisa kichwa, hupandisha bega, hujikohoza, huvuta pua kama mwenye makamasi, au huguna. Hatuzungumzii kuchezwa na ukope, jambo ambalo watu wetu wakiliona husema kuna mgeni anakuja. Hilo humpata karibu kila mtu na huisha lenyewe.

Mara nyingi tiki huanza mtoto akiwa na miaka minne hadi sita, au baadaye kidogo akiwa shule ya msingi. Kwa wengi huwa kali zaidi kwenye miaka kumi hadi kumi na miwili, kisha hupungua kadiri kijana anavyokua. Wavulana hupatwa zaidi kuliko wasichana. Tiki hupanda na kushuka: wiki mbili mtoto anapepesa macho, kisha macho yanatulia na bega linaanza. Mzazi asiyejua hilo hudhani mtoto amebuni mchezo mpya wa kumkera.

Watoto wengi tiki zao huisha kabla ya mwaka. Zikipita mwaka, na mtoto akawa amepata tiki kadhaa za mwili na angalau moja ya sauti, madaktari hutaja jina la Tourette, kwa heshima ya Georges Gilles de la Tourette, daktari Mfaransa aliyeandika habari za wagonjwa tisa wa aina hiyo mwaka 1885. Wengi wakisikia jina hilo hufikiria mtu anayetukana hovyo barabarani. Kutukana bila kukusudia kupo, lakini huwapata wachache tu kati ya wenye hali hii.

Chanzo chake kiko katika njia za ubongo zinazosimamia mwendo wa mwili, na mara nyingi kuna urithi ndani yake. Baba anayemchapa mtoto kwa kupepesa macho pengine naye alipepesa macho akiwa darasa la tatu, na bibi wa mtoto anakumbuka vizuri. Malezi mabaya hayaleti tiki. Hofu, uchovu, furaha kubwa na kukosa usingizi huzizidisha, lakini kuzidisha na kuleta ni mambo mawili.

Tendo la nani?

Hapa masomo yetu ya falsafa yalitusaidia kuliko tulivyotarajia. Mtakatifu Thomas wa Akwino, anapoanza kuzungumzia maadili katika Summa yake, hutenganisha matendo ya kibinadamu na matendo ya binadamu. Ya kwanza hutoka katika akili na utashi: mtu anajua anachofanya na anakitaka. Ya pili hutokea ndani ya mtu bila uamuzi wake. Mfano anaoutoa ni wa kawaida kabisa: mtu anasogeza mguu au mkono, au anajikuna ndevu, huku mawazo yake yako kwingine. Mtu hasifiwi wala halaumiwi kwa matendo ya namna hii, kwa sababu hayakupitia kwenye utashi wake.

Tulilijibu swali hilo kwenye mtihani na tukapata alama nzuri. Miezi michache baadaye tukamwadhibu mtoto kwa tendo la aina ya pili.

Lakini tusilirahisishe mno jambo hili, maana mzazi atatuuliza, tena kwa haki: "Mbona mbele ya mwalimu mkuu anajizuia? Kumbe anaweza!" Ni kweli, anaweza kwa muda, na hapo ndipo watoto wengi huponzwa. Watoto wakubwa kidogo wenye tiki hueleza kwamba kabla ya mwendo huja hisia, kama mwasho au mkazo mahali fulani, ambao hautulii mpaka wafanye ule mwendo. Fikiria chafya inayokujia wakati wa mageuzo. Unaweza kuibana, ukabana pua, ukafaulu dakika moja. Huwezi kuamua isije. Na anayebana chafya muda wote wa Misa hatasikia hata neno moja la Misa hiyo.

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili kwa Nikomako, anazungumzia nahodha anayetupa shehena baharini wakati wa dhoruba. Mikono ni yake na uamuzi ni wake, lakini hakuna nahodha anayetaka kutupa mali akiwa na bahari tulivu. Aristotle huita matendo ya namna hiyo mchanganyiko. Kwa maoni yetu, tiki ya kijana wa miaka kumi na mbili iko karibu na hapo. Anaposema "nimefanya mwenyewe kwa sababu ilikuwa inaniwasha," wazazi wasikimbilie kusema amekiri kosa. Anaeleza dhoruba.

Kujizuia nako kuna gharama. Mtoto aliyeshikilia mabega yake shuleni tangu asubuhi hufika nyumbani amechoka, akaachia yote. Mwalimu anasema hana shida, mama anasema nyumbani haishi. Wote wawili wanasema kweli. Huenda anaachia nyumbani kwa sababu ndipo anapojisikia salama, na ni huzuni pale pahali salama panapokuwa pahali pa fimbo.

Samaki mkunje angali mbichi, tunasema, na tunasema vema tukiongelea salamu, uongo, au kuchukua kisicho chako. Wazazi wengi huitumia methali hiyo kwa tiki wakiogopa kwamba zisipokomeshwa mapema zitakuwa tabia ya kudumu. Hofu hiyo haina msingi. Mtoto anayeachwa bila kukemewa hazidishi tiki kwa sababu ya kuachwa, ilhali anayekemewa huongeza wasiwasi, na wasiwasi huongeza tiki.

Je, ni pepo?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini baada ya jumuiya, kwa hiyo tulijibu wazi. Mwishoni mwa karne ya 15, Heinrich Kramer, mtawa Mdominiko, aliandika kitabu kuhusu wachawi. Humo anasimulia padre mmoja aliyetoa ulimi nje kila alipopita mbele ya kanisa na kupiga goti, na alipoulizwa kwa nini hajizuii alijibu kwamba hawezi. Kwa Kramer hilo lilikuwa pepo. Leo wapo madaktari wanaoisoma habari hiyo na kuona ndani yake mtu mwenye tiki. Hatuwezi kumpima padre yule tena, lakini tunaona jinsi jibu lake linavyofanana na la mtoto wa chini ya mwembe.

Kanisa lina utaratibu wake. Katekisimu, namba 1673, inasema kwamba ugonjwa, hasa wa akili, ni jambo tofauti na linahusu tiba, na kwamba kabla ya kupunga pepo lazima kuhakikisha kuwa tatizo si ugonjwa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, hairuhusu mtu yeyote kupunga pepo bila ruhusa ya pekee na ya wazi kutoka kwa Askofu wa mahali. Kumwombea mtoto na kumbariki ni vizuri sana. Kumzunguka watu kumi mnapiga kelele pepo amtoke ni kumfundisha kwamba ndani yake mna kitu kibaya, naye ataamini.

Nyumbani na darasani

Jambo la kwanza ni gumu kwa sababu ni la kutofanya: usimkumbushe. "Acha macho", "tulia bega", hata kumtazama tu kwa jicho la onyo, humrudishia mawazo kwenye ule mwasho. Waambie pia kaka na dada zake, shangazi na jirani. Si kwamba nyumba nzima ijifanye haioni. Zungumza naye mara moja mkiwa wawili, mwambie umegundua, unajua si makusudi, na kwamba hutamchapa kwa hilo. Kama ulimchapa zamani, mwombe radhi. Wapo baba wanaodhani kuomba radhi kwa mtoto kunashusha heshima. Hatukubaliani nao.

Mpe sentensi fupi ya kuwajibu wenzake, maana maswali yatakuja: "Misuli yangu inacheza yenyewe, siumwi." Mtoto mwenye jibu huchekwa kidogo kuliko asiye nalo. Alale mapema. Mpira, kuimba kwaya, kuchora, kazi za mikono, chochote kinachomteka akili, asinyang'anywe, kwa kuwa mara nyingi tiki hupungua mtoto anapozama katika jambo analolipenda.

Nenda shuleni ukamwone mwalimu wa darasa kabla hajakuita. Mwombe mtoto akae pembeni au nyuma, karibu na mlango, aweze kutoka dakika mbili bila kutangaziwa. Makatekista na sisi mafrateri tunahusika pia, na kwenye Misa walinzi wa milangoni wajue mtoto yupi asikodolewe macho.

Hospitali ni lini? Mpeleke ikiwa tiki zinamuumiza shingo au macho, zinamharibia masomo, zimepita mwaka, au amekuwa mnyonge na kukataa wenzake. Angalia pia kama hatulii kabisa, hawezi kukazia jambo mawazo, au hurudia kunawa na kugusa vitu akiwa na hofu, kwani hali hizo mara nyingi huambatana na tiki na pengine ndizo zinazomtesa zaidi. Anayepepesa macho apimwe macho kwanza. Mrekodi kwa simu, lakini asijue, kwa sababu mbele ya daktari tiki hujificha.

Mambo mawili hayasubiri. Mtoto akipotewa na fahamu au kukodoa macho bila kuitika, hiyo inaweza kuwa kifafa. Na ikiwa mikono na miguu imeanza kuchezacheza mfululizo bila kutulia, anaangusha vikombe, mwandiko umeharibika ghafla, wahi hospitali. Huo unaweza kuwa ugonjwa ambao Wazungu wa zamani waliuita ngoma ya Mtakatifu Vito. Hufuata maambukizi ya koo, na maambukizi hayo hayo yanaweza kuharibu moyo.

Dawa za tiki zipo, na daktari huzitoa inapobidi. Kuna pia mazoezi ambayo mtoto hufundishwa: kutambua mwasho unapokuja, kisha kufanya mwendo mwingine unaozuia ule wa tiki. Anayepandisha bega hubana kiwiko ubavuni, anayejikohoza huvuta pumzi polepole kwa pua, mpaka mwasho upite. Mwaka 2010 huko Marekani yalichapishwa matokeo ya utafiti juu ya watoto 126 wa miaka 9 hadi 17. Waliofunzwa mazoezi hayo kwa vipindi vinane katika wiki kumi, zaidi ya nusu walipata nafuu ya kuonekana. Katika kundi lililopewa elimu na kutiwa moyo tu, hawakufika mmoja kati ya watano. Wataalamu wa kuyafundisha hawapatikani kila wilaya, lakini uliza katika kliniki ya watoto au ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa. Mazoezi haya ni ya mtoto anayeyataka mwenyewe. Mzazi akiyageuza amri, yanarudi kuwa yale yale ya "tulia bega".

Yule mvulana tulimwomba radhi mbele ya wenzake, maana tulimwaibisha mbele yao. Alirudi kwenye mafundisho. Likizo iliyofuata tulikuwepo siku ya Komunyo yake ya kwanza. Tulimweka mwisho wa benchi, karibu na mlango wa pembeni, tukamwambia akitaka kutoka atoke. Hakutoka. Alijikohoza kuanzia Utukufu hadi baraka ya mwisho, na baba yake, aliyekaa nyuma yake, hakumgusa hata mara moja.