Kuacha Kuuza Dawa na Kuingia Mauzo Mengine

Dawa ya hospitali ina watu watatu mahali pa mnunuzi mmoja: daktari anayeiandika, mgonjwa anayeimeza, na bima au mfuko wa familia unaoilipia. Mwakilishi wa dawa huzungumza zaidi na yule wa kwanza, ambaye hatoi hata senti. Hueleza, huacha sampuli na vipeperushi, kisha hurudi baada ya wiki kadhaa. Oda yenyewe huwekwa na famasi kwa muuzaji wa jumla, na mwakilishi huletewa hesabu ya boksi zilizotoka mwezi ukiisha. Anayefikiria kuiacha kazi hii aanzie hapo, maana ujuzi unaopatikana humo si wote unaohamishika.

Msomaji wa Mwanza aliyeandika safari hii ana stashahada ya famasia, miaka saba ya kuzunguka Kanda ya Ziwa, mke, watoto wawili na mkopo wa SACCOS ambao haujaisha. Malengo ya mauzo hupandishwa kila robo mwaka, na madaktari, anasema, wanazidi kumkwepa. Amepata nafasi tatu: uwakala wa bima, usambazaji wa vinywaji, na kampuni inayouza mashine na vitendanishi vya maabara. Anauliza kama aondoke, na kama ni kuondoka, aelekee wapi.

Ugumu anaoulalamikia haumhusu bosi wake peke yake. Miongozo ya tiba nchini Tanzania inataka dawa iandikwe kwa jina la kiambata chake, si kwa jina la kibiashara la kiwanda, na jina hilo la kibiashara ndilo mwakilishi analolipwa kulitangaza. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) nao hulipa kwa bei ulizopanga wenyewe. Kitita chake kipya cha mafao kilichoanza Machi 2024 kilizua mvutano mkubwa na hospitali binafsi. Hospitali inayobanwa kwenye malipo hutafuta boksi la bei nafuu, hata kama mwakilishi wa boksi la ghali ni fundi wa maneno. Kwa sababu hiyo kuhamia kampuni nyingine ya dawa, hatua ambayo wengi huikimbilia kwanza, kungembadilishia nembo ya begi tu.

Vinywaji havihitaji maneno mengi. Ni kazi ya kreti, duka kwa duka, na madeni ya kila siku; famasia yake haitamsaidia chochote huko. Bima ina heshima zaidi na hatari zaidi. Wakala lazima asajiliwe na TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na mara nyingi huishi kwa kamisheni bila mshahara wa msingi. Kamisheni hukua taratibu, kadiri wateja wanavyohuisha bima zao, ilhali makato ya SACCOS hayasubiri. Kuna pia dhana kwamba madaktari anaowafahamu watageuka wateja. Daktari aliyetoa dakika tano kusikiliza habari za dawa ya presha hajaahidi kununua bima ya maisha.

Vitendanishi ndivyo vinavyomfaa, ingawa si kwa sababu ya ulaini. Mara nyingi mashine huwekwa maabara bila kuuzwa, na hospitali hufungwa na mkataba wa kununua vitendanishi vyake kwa miaka kadhaa. Mauzo huwa mazungumzo marefu, miezi na miezi, na mezani wapo mkuu wa maabara, mhasibu na mganga mfawidhi, kila mmoja na hofu yake. Hospitali za umma hununua kupitia mfumo wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, kwa hiyo muuzaji asiyejua kusoma nyaraka za zabuni hubaki nje. Malipo huchelewa. Mashine ikigoma usiku, anayepigiwa simu kwanza ni muuzaji, si fundi. Lakini wodi na foleni zake anazijua, mazungumzo ya kitaalamu anayamudu, na TMDA inayosimamia dawa ndiyo hiyo hiyo inayosimamia vifaa tiba na vitendanishi. Asichokijua ni kutaja bei, kuitetea na kudai deni. Katika miaka saba hakulazimika kufanya hivyo hata mara moja, na bora ajifunze kabla ya kuhama, hata kwa kuambatana na muuzaji mzoefu siku zake za likizo.

Aende, basi, ila kwa sharti moja: mshahara wa msingi ulioandikwa kwenye mkataba, mbali na kamisheni, utoshe makato ya mkopo, kodi ya nyumba na usafiri. Usafiri husahaulika. Gari la kampuni na mafuta yake ni sehemu ya kipato cha sasa, hata kama havionekani kwenye hati ya mshahara.

Akiamua kuondoka, ajue kwamba anayelipwa kwa mwezi hutakiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kutoa notisi isiyopungua siku 28. Siku za likizo zilizobaki hulipwa. Kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka wa kazi hakimhusu anayejiuzulu kwa hiari. Michango ya hifadhi ya jamii ya NSSF huendelea chini ya mwajiri mpya kwa namba ile ile ya uanachama. Bonasi ya robo mwaka mara nyingi hupewa aliyeko kazini siku ya malipo, hivyo barua ya kujiuzulu ipelekwe baada ya bonasi kuingia benki, na sampuli zote zirudishwe kwa orodha iliyosainiwa na pande zote mbili.