Faili la Kikoba: Mbinu za Kutengeneza Bidhaa ya Kidijiti Inayouzika

Wengi wanaoingia kwenye biashara ya bidhaa za kidijiti huanza na kitabu. Mtu anaandika kurasa arobaini za jinsi ya kufanikiwa maishani, anamlipa kijana wa kava, anatangaza kwenye stetasi ya WhatsApp wiki nzima, na wanaonunua ni shemeji na marafiki wawili wa chuo. Kitabu chenyewe huenda si kibaya. Ila hakuna aliyeamka siku ile akikihitaji. Sasa mfikirie mweka hazina wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa kwa hisa, mwezi Desemba. Kesho wanavunja kikoba na kugawana fedha, wanachama 25 wameshapanga pesa ya sikukuu, na hesabu ya daftari imepishana na fedha za sandukuni kwa shilingi laki moja na themanini. Huyo anataka msaada usiku huo huo, na atalipia.

Kwa hiyo faili la Excel la hesabu za kikoba ndilo nitakalotumia kuonyesha kazi nzima. Bidhaa yako inaweza kuwa maazimio ya kazi na maandalio ya somo kwa walimu, patani za kushona kwa mafundi cherehani, au mikataba ya upangishaji yenye nafasi za kujaza. Njia haibadiliki sana.

Anza na kitu ambacho tayari kimefanya kazi. Mwaka 2006 mwalimu mmoja wa New York, Paul Edelman, alianzisha Teachers Pay Teachers, soko la mtandaoni ambako walimu huuziana mazoezi na maandalizi waliyokuwa wakiyatumia darasani. Bidhaa zilikuwa zimeshapikwa na kuonjwa na wanafunzi kabla hazijawekewa bei. Kama wewe ni katibu wa kikoba na una shiti uliyojitengenezea ili usigombane na watu, umeshafika nusu ya safari. Kama huna, omba ruhusa ukae kwenye vikao viwili vitatu ukitazama. Utagundua kwamba ugomvi hauanzi kwenye hisa. Unaanza kwenye mkopo uliorejeshwa kidogo kidogo bila kuandikwa vizuri, kwenye faini ambayo mmoja anaikumbuka na mwenzake haikumbuki, na kwenye mfuko wa jamii uliochanganywa na fedha za hisa. Faili lako lishughulikie hayo matatu. Mengine ni mapambo.

Soko lipo, na lina sababu ya kuwepo. Mtindo huu wa kuweka na kukopa kwa hisa ulianza Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, ukasambaa sehemu kubwa ya Afrika ukiwa na kanuni zile zile. Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe, kwa hiyo kikundi kisicho na kumbukumbu zinazoeleweka kina wasiwasi mwingine zaidi ya ule wa wanachama. Ukitaka kuuza Kenya, kwanza uliza chama husika kinaendeshwaje. Vyama vingi vya huko ni vya kupokezana, mwezi huu wangu, ujao wako, na havina gawio la hisa. Faili la kikoba halitawafaa. Ukiwauzia, utarudisha pesa.

Tuingie ndani ya faili lenyewe, maana hapa ndipo wauzaji wengi huharibu. Shiti ya kwanza ni ya wanachama, ya pili ya vikao, ya tatu ya mikopo, na ya nne ni ya gawio, ambamo mtumiaji haandiki kitu, anasoma tu. Hesabu ya gawio ni fupi. Chukua fedha zote za kikundi, toa mfuko wa jamii, gawanya kwa jumla ya hisa. Tuseme hisa moja ni shilingi 5,000 na mwaka mzima kikundi kimenunua hisa 2,400. Hizo ni milioni 12. Riba na faini zimeongeza milioni 2 na laki 4. Kila hisa sasa ina thamani ya shilingi 6,000, na mwenye hisa 100 anaondoka na laki sita. Mtu akiona namba hiyo ikijitokeza yenyewe baada ya kujaza kikao cha mwisho, hutahitaji kumshawishi tena.

Lakini ataiona kwenye nini? Kwenye simu. Mweka hazina wako hana kompyuta mpakato. Ana simu yenye kioo kilichopasuka pembeni na ama WPS au Excel ya simu. Makro hazifanyi kazi kwenye Excel ya simu, kwa hiyo vitufe vya kuvutia ulivyovitengeneza kwenye kompyuta yako vitakuwa picha tu. Tumia fomula za kawaida. Gandisha safu ya majina ili anaposogeza kulia asipotee. Funga seli zote zenye fomula, na zile za kujaza zipake rangi moja isiyobadilika, kijani kwa mfano, ili maelekezo yako yawe sentensi moja: jaza penye kijani. Majina ya wanachama yachaguliwe kwenye orodha, yasiandikwe upya kila kikao, kwa sababu Excel haijui kwamba "Mama Asha" na "Mama Asha." yenye nukta ni mtu mmoja. Kosa hilo dogo ndilo linalopoteza hisa za watu. Tarehe nazo ni mtego. Simu iliyowekwa mpangilio wa Kimarekani husoma 3/4 kuwa tarehe 4 ya mwezi wa 3. Njia nyepesi ni kuvipa vikao namba, kikao cha 1, cha 2, cha 3, na tarehe ikabaki kuwa maelezo ya pembeni.

Weka pia nakala ya mfano iliyojazwa mwaka mzima, ili mnunuzi aone kitu kinachoishi kabla hajaanza na chake kitupu. Majina yawe ya kubuni. Usichukue leja ya kikundi chako ukabadilisha herufi mbili tatu. Madeni ya watu ni siri yao, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya nayo ina ya kwake ya mwaka 2019.

Kisha jaribio. Mtafute mweka hazina ambaye hajawahi kuliona faili, mkabidhi simu, halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Atabonyeza pasipofaa, atakuuliza kwa macho, na wewe utatamani kumwonyesha. Usimwonyeshe. Kila mahali anapokwama ni mahali pa kurekebisha, kwa sababu mnunuzi wa Tunduma au Lindi hatakuwa na wewe pembeni.

Kuhusu bei, usishindane na bei ya soda. Muuzie kikundi, usimuuzie mtu. Shilingi 20,000 ikitoka mfukoni mwa mama mmoja ni pesa, ikitoka kwenye kikundi cha watu 25 ni shilingi 800 kwa kila mwanachama, tena kwa mzunguko mzima. Bei ya elfu moja moja huleta wateja wengi wenye maswali yale yale, na muda wako wa kuyajibu haupungui kwa sababu wamelipa kidogo.

Wateja wa mwanzo wauzie kwa mkono. WhatsApp Business ina katalogi na majibu ya haraka, na kwa kuanzia vinatosha. Pokea malipo kwa lipa namba au till badala ya namba yako binafsi, na usitume faili kwa kuonyeshwa picha ya meseji ya muamala. Meseji za kughushi ni nyingi. Angalia salio kwenye simu yako, ndipo utume. Katika hatua hii unajifunza kitu ambacho hakuna kozi itakufundisha: maneno ambayo wateja wenyewe wanayatumia. Ukisikia wanauliza "lina sehemu ya faini?", basi neno faini linapaswa kuwa juu kabisa kwenye tangazo lako, juu ya "mfumo wa kisasa wa usimamizi wa fedha" uliokuwa umeuandika.

Maswali yakianza kujirudia, hapo ndipo uanze kujenga duka linalouza lenyewe. Andika majibu yake mara moja, rekodi video fupi ya kujaza kikao kimoja, na viweke pamoja na faili. Sasa tafuta jukwaa la kupokea pesa na kukabidhi bidhaa bila wewe kuwepo. Selar ya Nigeria hushughulika na sarafu kadhaa za Afrika na malipo ya simu, jambo muhimu kwa mteja asiye na kadi ya benki. Gumroad ni rahisi kufungua, ila hukata asilimia 10 ya mauzo na juu yake senti 50 za dola kila mteja anaponunua, bila kuhesabu gharama za kadi. Piga hesabu mwenyewe: bidhaa ya dola 2 imeshapoteza senti 70 kabla hujagusa kitu, ilhali ya dola 20 imepoteza dola mbili na nusu. Viwango hivi hubadilika, kwa hiyo visome siku unayofungua akaunti. Na kabla ya kupakia chochote, hakikisha pesa inatokaje. Kuna majukwaa yatakayokuruhusu kuuza vizuri kabisa, kisha ikija siku ya kutoa pesa unakuta nchi yako haimo kwenye orodha.

Duka bila wapita njia halina faida, na hapa sina shaka: kwa bidhaa ya aina hii, YouTube inashinda matangazo ya kulipia. Weka video ya bure inayoonyesha jinsi ya kukokotoa gawio la kikoba kwa daftari na kalamu, hatua kwa hatua, bila kuficha kitu. Kiungo cha faili kikae chini ya video. Stetasi hufutika baada ya saa 24, lakini video inayojibu swali ambalo watu hulitafuta kila mwaka itaendelea kuleta watu. Anayeweza kufanya kwa mkono atashukuru na kwenda zake. Anayechoka katikati ya video ndiye mteja wako.

Faili litasambazwa bure, hilo lijue mapema. Nywila haisaidii, maana husambazwa pamoja na faili. Kinachosaidia ni kuandika jina la kikundi juu ya kila shiti kabla ya kulikabidhi, kwenye seli iliyofungwa. Kikundi cha Upendo hakitapenda kugawa kwa wanachama ripoti yenye kichwa cha Kikundi cha Mshikamano. Anayelipa apate pia toleo jipya la mwaka na haki ya kuuliza, vitu ambavyo nakala ya kuombwa haina. Wewe nawe usiuze visivyo vyako. Mitihani ya NECTA iliyopita na kurasa za vitabu vya kiada zina wenyewe, hata kama zimejaa kwenye magrupu.

Namba ya mlipakodi uwe nayo tangu mauzo yanapoanza kueleweka. Kwa Kenya, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilileta kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya maudhui ya kidijiti kwa wakazi, basi ipigie hesabu kwenye bei.

Na ile pesa ya kuingia ukiwa umelala? Inaingia, ila simu nazo zinaingia, hasa Jumamosi na Jumapili vikao vinapokaa. Panga saa za kujibu na uziandike kwenye risiti. Zaidi ya hapo, ifuate kalenda ya wateja. Vikoba vingi huvunjwa Desemba na kuanza mzunguko mpya Januari, kwa hiyo toleo jipya liwe tayari Novemba, video ya gawio iwe hewani mapema mwezi huo huo, na wiki ya kwanza ya Januari watumie ujumbe walionunua mwaka uliopita ukiwapa faili tupu la mzunguko mpya kwa nusu bei.