Taa ya Kutua: Kuona au Kuonekana?

Mwanachuo mwenzangu, bila shaka umeshakutana na bodaboda aliyeng'oa taa ya kiwandani akafunga ile LED nyeupe inayochoma macho kama moto wa kuchomelea vyuma. Yeye anajisifu kwamba sasa anaona vizuri, kumbe anayekuja mbele yake haoni kitu. Wenye ndege ndogo binafsi nao wanabadilisha taa, ila huko angani mambo yakiharibika hakuna pa kuegesha pembeni.

Somo letu leo ni taa ya kutua, yaani ile inayomulika mbele rubani anaposhuka uwanjani. Wamiliki wengi wa ndege ndogo, hasa Marekani ambako ndege za namna hii ni nyingi mno, wametoa balbu za zamani na kufunga LED. Wanapata nini hasa? Wengi watajibu harakaharaka: wanaona mbali zaidi. Haya, tupige hesabu kabla ya kukubali.

Balbu inayotolewa

Tuchukue Cessna 172, ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote duniani, zaidi ya 44,000. Nyingi za zamani zinatumia balbu inayoitwa 4509. Ni kioo cha duara kilichozibwa, kipenyo chake inchi 4.5. Inakula wati 100 kwa volti 13, na katikati ya mwale wake inatoa kandela zipatazo 110,000. Ukali huo si haba.

Tatizo ni umri. Kiwanda kinakadiria balbu hiyo kuishi saa 25. Soma tena: saa, si miezi. Ili uzi wa ndani utoe mwanga mkali hivyo, unachemshwa karibu na kikomo chake, kwa hiyo unakonda na kukatika upesi. Ongeza mtikisiko wa injini. Kwenye Cessna 172 nyingi za miaka ya 1970 taa iko puani, chini ya propela, mahali ambapo mtetemo hauna likizo.

Hesabu ya kuona

Hapa tutenganishe maneno mawili ambayo matangazo hupenda kuyachanganya. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa kwenda kila upande. Kandela ni ukali wa mwanga unaoelekea upande mmoja. Taa inaweza kuwa na lumeni kibao lakini ikazimwaga ovyo pembeni, kama ile ya bodaboda wetu. Rubani anahitaji mwanga ufike kwenye njia ya kurukia, kwa hiyo anatakiwa kuuliza kandela.

Kanuni yenyewe uliisoma sekondari: mwanga unaofika mahali ni kandela kugawa kwa umbali uliozidishwa kwa wenyewe. Balbu yetu ikimulika kitu kilicho mita 300 mbele, tunapata 110,000 ÷ 90,000, yaani luksi 1.2 hivi. Mwezi mpevu hutoa takriban robo luksi. Basi ni kama miezi mitano angani. Kwa noti 65, mwendo wa kawaida wa ndege hii inapokaribia kutua, rubani anakwenda mita 33 kwa sekunde, na hizo mita 300 zinaisha kwa sekunde 9.

Sasa tufunge LED yenye kandela mara mbili. Je, ataona mara mbili ya umbali? Hapana. Kwa kuwa umbali unazidishwa kwa wenyewe, ile luksi 1.2 itafika mita 424 tu. Rubani amepata sekunde chache kasoro nne. Usiku, pundamilia akiwa amesimama kwenye uwanja wa changarawe, sekunde hizo si za kubeza. Lakini nazo si muujiza uliotangazwa.

Faida iliyojificha

Rudi kwenye zile saa 25. Mwenye balbu inayokufa upesi hivyo hufanya nini? Anaibania. Anaiwasha usiku tu, dakika za mwisho, kisha anaizima haraka. Mchana haiwashi kabisa, maana anaona vizuri bila taa. Uchumi mzuri, si ndiyo?

Siyo. Mchana taa ile haimsaidii yeye kuona, inawasaidia wengine wamwone. Ndege ndogo ikija moja kwa moja mbele yako ni kidoti tu: mabawa membamba, mwili mdogo, tena haionekani kusogea kwenye kioo. Karibu na uwanja, ambako kila mtu anashuka na kupanda kwenye anga ileile, kidoti hicho ndicho cha kuogopwa. Kidoti chenye taa kinaonekana mapema zaidi. Ndiyo maana mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, inawahimiza marubani kwa hiari yao wawashe taa za kutua wanaporuka chini ya futi 10,000, mchana na usiku, hasa wakiwa ndani ya maili 10 kutoka uwanja wowote.

Kwa balbu ya saa 25, ushauri huo ni gharama. Kwa LED inayokadiriwa kuishi maelfu ya saa, unawasha unapoanza safari na unazima umeshaegesha. Taa zikiwa mbili, kuna vifaa vya kuziwasha kwa kupokezana, na mwanga unaopepesa unalivuta jicho zaidi. Kwa hoja yangu, hapa ndipo pesa inaporudi. LED inauzwa mamia ya dola na balbu makumi, lakini unachonunua ni uhuru wa kutoibania.

Kabla hujashika bisibisi

Kwanza, karatasi. Ndege iliyotoka kiwandani na cheti cha aina yake haifungwi taa yoyote iliyoonekana dukani. Taa iwe na idhini ya kufungwa kwenye ndege hiyo, fundi mwenye leseni aifunge, na kazi iandikwe kwenye daftari la ndege. Ndege iliyosajiliwa Kenya iko chini ya KCAA, ya Tanzania chini ya TCAA, na mamlaka hizo ndizo zinazoamua kama idhini ya FAA inakubalika kwao.

Pili, redio. Ndani ya LED kuna saketi inayokatakata umeme kwa kasi kubwa, na ikitengenezwa vibaya inamwaga kelele kwenye masafa ya mawasiliano ya ndege. Jaribu ukiwa chini: washa redio, sikiliza kituo hafifu, kisha washa taa. Redio ikianza kukoroma, hapo umenunua matatizo.

Tatu, waya na joto. Balbu ya uzi haijali upande wa chanya na hasi, ila baadhi ya LED zinajali. Joto la LED linatokea mgongoni, kwa hiyo hewa ipite nyuma yake. Na fyuzi ipo kulinda waya, usiibadilishe kwa kukisia.

Nne, ukungu na vumbi. Mwanga mweupe mkali ukigonga matone hewani unaweza kukurudia usoni, na hapo rubani anazima. Taa mpya haimwondolei rubani kazi ya kufikiri.

Zoezi

Jenereta ya ndege imekufa usiku. Betri ni ya ampea-saa 24, na vifaa vya lazima vinakula ampea 8. Balbu ya wati 100 inaongeza ampea 7.7, na LED ya wati 45 inaongeza 3.5. Taa ikiachwa inawaka, betri inadumu muda gani kwa kila moja?

Jibu la kwenye karatasi: dakika 92 kwa balbu, dakika 125 kwa LED. Betri halisi, tena iliyochoka, itatoa pungufu ya hapo, na rubani mwenye busara atazima taa hadi aukaribie uwanja. Hata hivyo, tofauti ni zaidi ya nusu saa. Wanaosoma umeme, hiyo tayari ni mada ya mradi wa mwaka wa mwisho: pima betri iliyotumika, si mpya, uone hesabu ya karatasini inapungua kwa kiasi gani.